Shingo ya Saada

Ukisoma mighani ya Fumo Liyongo darasani, sifa zake unazikariri zote: urefu, nguvu, mishale, ushairi. Mamake Mbwasho anatajwa, mwanawe msaliti anatajwa, mfalme wa Pate anatajwa. Saada, mjakazi, anapewa nusu sentensi: alipeleka mkate. Mimi nasema kisa hiki kisimuliwe upya, na safari hii kianzie kwake.

Tuangalie mambo yalivyokwenda. Liyongo yumo gerezani, pingu mwilini, askari mlangoni. Chakula kizuri kinachotoka kwa mamake wanakila askari. Shujaa aliyetisha mji mzima hawezi kujinasua. Anayeingia na kutoka ni msichana mtumwa, maana nani amwogope mjakazi? Liyongo anampa ujumbe kwa shairi: mama aoke mkate wa wishwa, ndani atie tupa. Saada anaubeba ujumbe huo kichwani, anapita mbele ya askari, anaufikisha kwa bibi yake. Kisha anarudi na mkate wenye chuma tumboni, anasimama mbele ya watu wenye silaha huku wakiupekua mzigo wake. Vizuri wanachukua. Wishwa wanaudharau, wanamwacha apite nao. Mkate ule ungemegwa kidogo tu, kisa kingeishia pale, na Saada angeishia pale pale.

Wazo lilikuwa la Liyongo, unga ulikuwa wa Mbwasho, shingo ilikuwa ya Saada.

Baadaye ngoma ya gungu ikarindima mjini, tupa ikala chuma, kelele za ngoma zikafunika mlio wake, na Liyongo akatoka. Saada je? Mfalme alipouliza nani kaingiza tupa, macho yaliangukia nani? Aliachwa huru kwa aliyoyafanya? Hadithi inayokumbuka kwamba Liyongo aliuawa kwa sindano ya shaba, tena ya kitovuni, haikuona haja ya kutuambia.

Nawasikia wanaosema huku ni kuharibu urithi. Urithi upi? Muhamadi Kijuma wa Lamu alitunga utendi wake mwaka 1913, kutokana na masimulizi yaliyokuwa yamepita vinywa vingi. Naye alichagua cha kukuza na cha kupitia juu juu, kama wote waliomtangulia. Na tuutazame vizuri mwaka huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeifuta hadhi ya utumwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 6 tu nyuma. Wanawake waliowahi kuwa wajakazi walikuwa hai. Walijua kupita mlangoni bila kutazamwa. Walijua kubeba siri za mabwana na kuadhibiwa kwa ajili yake. Kama kuna waliostahili kuulizwa kisa hiki kina maana gani, ni wao.

Nawaomba waandishi watakaokishika kisa hiki jambo moja: msimfanye Saada ampende Liyongo. Najua kishawishi kilipo. Ukimpa mapenzi, umemnyang'anya tena kitendo chake, umekifanya sehemu ya sifa za bwana. Mwacheni awe mtu asiyewiwa chochote na nyumba inayommiliki. Pale mlangoni neno moja kwa askari lingempa zawadi, labda hata uhuru wake. Hakulisema. Miaka mingine ikapita, mfalme akamjia mtoto wa Liyongo mwenyewe, damu yake, akamwahidi cheo na binti yake awe mkewe, na kijana akaipokea sindano.

Kwa nini Saada alinyamaza? Alikuwa akimtetea nani, au akipigania nini chake mwenyewe? Hapo ndipo riwaya ilipo, hapo ndipo tamthilia ilipo, na waandishi wa Kiswahili tunao wa kutosha wa kuifanya kazi hiyo. Waianze.