Nguzo ya Msikiti na Bakora ya Mgeni



Dada yetu mmoja aliyeolewa Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson katika Ziwa Turkana, ametuletea swali. Msikiti wao umeezekwa upya, na wazee wa kamati, akiwemo mumewe, wanataka kuichonga nguzo ya zamani iwe bakora, wamtunuku mfadhili anayeondoka. Yeye alipouliza iwapo ni halali, aliambiwa asiwaaibishe wazee.

Twaifahamu nia yao. Huko Turkana mzee hutoka na fimbo yake na ekicholong, kigoda cha kukalia na kulazia kichwa; nasi wa pwani twaijua heshima ya bakora. Mbao za jengo kongwe nazo hupendwa kote. Ikulu ya Marekani ilipokarabatiwa zama za Rais Truman, mabaki yake yaliuzwa kwa umma mwaka 1951 yawe kumbukumbu.

Lakini nguzo ya msikiti ni wakfu, na wakfu hauna mwenyewe wa kuutoa zawadi. Kamati ni waangalizi tu. Imam Nawawi, katika Minhaj, ameona ni sahihi zaidi kwamba magogo ya msikiti yaliyovunjika yanaweza kuuzwa iwapo hayafai tena ila kuchomwa moto. Na thamani yake hurudi kwa msikiti. Basi tujiulize: mti ulio mzima hata ukachongeka bakora, umefikia kuwa kuni? Ufaao bakora wafaa pia marfaa ya kuwekea misahafu ya watoto wa chuoni.

Ushauri wetu ni huu. Nguzo ichongwe marfaa, au fimbo ya khatibu aiegemee juu ya mimbari, ibaki humo humo msikitini. Mfadhili naye anunuliwe fimbo nzuri kwa mchonga wa hapo hapo, kwa fedha za mifukoni mwa wazee. Zawadi ya namna hiyo haina doa, na mgeni hatabebeshwa asichokijua.

Nawe dada, hukukosea kuuliza. Mwambie mumeo faraghani na kwa upole, kabla msumeno haujapita. Ndugu zetu wa kamati nao wakumbuke fimbo ya Nabii Sulaiman, alayhis salaam: mchwa waliila, naye, pamoja na ufalme wake wote, akaanguka. Fimbo huliwa, amana huulizwa.

Wallahu a'lam.