Tangazo la Kazi Haliulizi Mlimani

Imani kwamba jina la chuo ndilo linalompa mhitimu kazi nzuri ilikuwa na msingi wake zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na hadi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilipopewa hadhi hiyo mwaka 1984 hakukuwa na chuo kikuu kingine nchini Tanzania. Serikali ndiyo iliyokuwa mwajiri mkuu, na ndiyo iliyowapangia wahitimu vituo vya kazi. Aliyetoka Mlimani alipata kazi kwa sababu wahitimu walikuwa wachache na nafasi zilikuwa zinawasubiri. Mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1990 yaliuvunja utaratibu huo. Imani ikabaki, na mpaka leo wazazi wengi wanaitumia kama ramani ya mji uliokwishabomolewa.

Ushahidi wa kwanza dhidi yake ni tangazo lolote la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Sehemu ya sifa za mwombaji hudai shahada ya fani fulani, au fani inayolingana nayo, kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali. Basi. Hakuna mstari unaotaja chuo gani. Mwombaji hupakia vyeti vyake kwenye mfumo, akiitwa hukutana na usaili wa mchujo, akivuka huitwa kwenye mahojiano, na kwa baadhi ya kada huongezwa usaili wa vitendo. Anayeshindwa mchujo haokolewi na nembo iliyo juu ya cheti chake. Anayepita na kupangiwa cheo cha afisa daraja la pili, kwa kada nyingi, huanzia ngazi ya mshahara ya TGS D, sawasawa na mwenzake aliyesoma chuo ambacho majirani hawajawahi kukisikia. Hata Bodi ya Mikopo haibagui: asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa kwa waajiriwa wote wanaodaiwa.

Katika taaluma zenye bodi zake, jina la chuo lina nguvu ndogo zaidi. Mwenye shahada ya sheria anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara hana budi kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Mwaka 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalizua kelele nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati, lawama zikarushwa huku na huku, lakini jambo moja halikubishaniwa: mtihani ulikuwa uleule kwa kila aliyeingia, awe ametoka chuo kikongwe au kichanga. Mhasibu anasubiriwa na mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, kabla ya kujiita CPA. Daktari ana mwaka wa utarajali. Mhandisi mhitimu hujisajili kwanza, kisha hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka kadhaa, kwa kawaida 3, ndipo bodi imtambue kuwa mhandisi mtaalamu.

Watetezi wa imani hii wana hoja moja wanayoirudia: waliofanikiwa wengi walisoma vyuo vikubwa. Ni kweli, na haithibitishi chochote. Vyuo hivyo huchukua vijana waliokwishafaulu vizuri kidato cha sita, kisha husifiwa kwa kuwatoa wakiwa bado hodari. Wachumi wa Marekani Stacy Dale na Alan Krueger walitenganisha uwezo wa mwanafunzi na jina la chuo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2002. Waliwalinganisha wanafunzi walioanza chuo mwaka 1976, ambao waliomba na kukubaliwa na vyuo vya hadhi inayofanana, lakini wengine wakaishia kusoma chuo chenye jina na wengine chuo cha kawaida. Miaka mingi baadaye vipato vyao havikutofautiana kwa kiasi cha maana. Aliyekuwa na uwezo alikwenda nao popote.

Utafiti huohuo, kwa haki, ulikuta kundi moja lililonufaika: watoto wa familia za kipato cha chini. Mwaka 2023 Raj Chetty na wenzake nao walionyesha kuwa vyuo 12 vya kifahari kabisa vya Marekani havipandishi sana kipato cha wastani, ila huongeza uwezekano wa kufika kileleni, kwenye makampuni makubwa na miongoni mwa matajiri wachache. Pengine kinachouzwa hapo ni watu wa kujuana nao. Mtoto asiye na mjomba ofisini humpata mjomba huyo darasani. Hiyo ni faida halisi, lakini haitoki kwenye ubora wa mihadhara, na kwa Tanzania mtu anaweza kuipata mahali pengine: kwenye karakana, benki au hospitali alikofanyia mafunzo kwa vitendo, ambako msimamizi amemwona akifika mapema na kumaliza kazi.

Hasara kubwa ya imani hii hutokea wakati wa udahili. Kijana anayetaka umeme au bima, ambazo angezisoma vizuri katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) au Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), husukumwa achukue kozi yoyote ile ilimradi iwe Mlimani. Miaka 3 baadaye ana shahada ya fani asiyoipenda na ambayo haimo katika tangazo analolisoma, na hapo jina la chuo halijazi pengo. Kabla ya kuthibitisha udahili, mzazi na kijana waulize idarani kama bodi ya taaluma inaitambua kozi hiyo, na wanafunzi wa mwaka uliopita walipelekwa wapi kwa mafunzo kwa vitendo. Idara isiyoweza kujibu haifai kulipiwa ada, hata kama chuo chake kinajulikana Afrika nzima.