Mashine za getini zituhesabu, zisiishie kututoza

Mhariri,

Kuna jambo ambalo mashabiki wa mpira tumelinung'unikia vijiweni kwa muda mrefu bila kulifikisha kunakostahili. Tiketi za karatasi zilipoanza kuondolewa viwanjani na nafasi yake kuchukuliwa na kadi na mashine za kuskani, sababu tuliyoisikia zaidi ilikuwa mapato: kuziba mianya, kuwakomesha walanguzi, klabu zipate haki yao. Sina ugomvi na hilo. Kilio changu ni kwamba mashine zikigoma, hakuna anayehangaika, kwa sababu fedha imeshalipwa kwa simu tangu asubuhi. Tuliolipa ndio tunaobaki tumebanwa kwenye nondo za geti.

Msimu uliopita nilikwenda kutazama mechi kubwa ya ligi nikiwa na mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa darasa la tano. Tiketi zote mbili nilizilipia kwa simu na ujumbe wa malipo ninao hadi leo. Tulifika mapema, foleni ikiwa nzuri, watu wakitaniana kwa jezi zao. Kisha mashine ikagoma. Kijana aliyeishika akaipigapiga kiganjani, akainyanyua juu kutafuta mtandao, akatuambia tusubiri. Tukasubiri. Nyuma yetu watu waliendelea kushuka kwenye daladala na bodaboda, na hakuna aliyewaambia kuwa mbele hakusogei. Ilibidi nimpandishe mpwa wangu mabegani maana alikuwa anakosa hewa katikati ya viuno vya watu wazima. Kelele zilipozidi, geti la pembeni likafunguliwa na wote tukaingia: mwenye tiketi, asiye na tiketi, na aliyeuziwa tiketi ya kughushi. Hakuna kadi iliyosomwa. Kwa kumbukumbu za mashine, mimi na mtoto yule hatukuwahi kuingia uwanjani.

Mtu anaweza kusema huo ni usumbufu wa saa moja na mpira tuliuona. Lakini Mei 28, 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, shabiki mmoja alifariki dunia na wengine 30 wakajeruhiwa katika msongamano. Nairobi, Oktoba 2010, watu saba walikufa kwenye Uwanja wa Nyayo, mechi ya AFC Leopards na Gor Mahia. Yaoundé, Cameroon, Januari 2022, wanane walikufa nje ya uwanja wa Olembe kwa kukanyagana getini. Watu hao walitoka nyumbani kwenda kuangalia mpira.

Tunapouliza, jibu ni moja: mtandao ulisumbua. Linasemwa kana kwamba mtandao ni mvua. Watu 60,000 wakikusanyika mahali pamoja, kila mmoja akirusha picha na kumpigia mwenzake aliyepotezana naye, minara ya simu ya jirani inazidiwa. Kwa hiyo mashine inayotegemea laini ya kawaida ya simu itagoma saa ileile inapohitajika kuliko saa zote. Hilo linajulikana kabla, na dawa yake inajulikana. Orodha ya tiketi zilizouzwa hupakiwa ndani ya kila mashine kabla geti halijafunguliwa, ili iweze kukubali au kukataa yenyewe hata mtandao ukikatika. Mashine zote huunganishwa kwenye mtandao wa ndani wa uwanja, ambao simu za mashabiki haziugusi, ziambiane nani ameshapita. Na kila tiketi hufungwa kwenye geti moja. Hili la mwisho ni muhimu sana. Bila hilo, mawasiliano yakikatika, tiketi moja iliyopigwa picha itapita upande huu na nakala yake itapita upande wa pili, halafu mwenye tiketi halali akitokea wa tatu anaitwa tapeli. Kadi yenye chipu, inayosomwa kwa kusogezwa sentimita chache kutoka kwenye mashine, ni ngumu zaidi kunakili kuliko msimbo uliochapwa kwenye karatasi, na Wajerumani waliweka chipu kwenye tiketi za Kombe la Dunia tangu 2006.

Nawaomba wahusika watazame yaliyotokea Paris. Mei 28, 2022, fainali ya Ligi ya Mabingwa kati ya Liverpool na Real Madrid ilichelewa zaidi ya nusu saa kwa sababu maelfu ya mashabiki walikwama nje ya Stade de France, wengine wakipigwa mabomu ya machozi. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Ufaransa akawatupia lawama mashabiki wa Liverpool, akadai kuwa watu 30,000 hadi 40,000 walikuja bila tiketi au na tiketi bandia. Lakini mashine za getini zilikuwa zimeweka kumbukumbu: tiketi bandia zilizonaswa hazikufika 3,000. Mwaka uliofuata, jopo huru lililoundwa na UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, likatamka kuwa UEFA yenyewe ndiyo iliyobeba dhamana kuu ya yaliyotokea. Mashabiki wale walikuwa na hesabu ya kuwatetea.

Sisi hatuna. Mtu akikanyagwa, kesho yake tunasikia mashabiki walijaa kupita kiasi, mashabiki hawana ustaarabu. Walijaa wangapi? Geti gani? Kuanzia saa ngapi? Geti likishafunguliwa bila kuskani, hakuna binadamu anayeweza kujibu, na lawama inamwangukia aliyelala wodini.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda tunaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kwa pamoja. Onyo tumeshalipata: Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN, baada ya mashabiki kuvamia mageti ya Uwanja wa Kasarani, Nairobi, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliwapunguzia Wakenya watazamaji hadi 27,000 na kuagiza tiketi ziwe za kielektroniki pekee. Adhabu hiyo iliwapata pia waliokuwa na tiketi zao halali.

Ninachoomba hakihitaji kusubiri bajeti. Kabla ya dabi ijayo, wasimamizi watangaze kila geti litahudumia tiketi ngapi na litafunguliwa saa ngapi. Mashine zijaribiwe mtandao ukiwa umezimwa makusudi, waandishi wenu wakishuhudia. Geti likifunguliwa bila kuskani, aliyetoa amri ajulikane kwa cheo chake. Na baada ya mechi, yanapotangazwa mapato, itangazwe pia idadi ya waliopita kila geti, saa kwa saa. Gazeti lako lina waandishi wanaokaa viti vya mbele kwenye mikutano ya habari ya kabla ya mechi, Mhariri. Tafadhali waulize maswali haya, na majibu myachapishe.

Shabiki wa jukwaa la mzunguko,
Mbagala, Dar es Salaam