Mtoto Mwenye Adabu Apewe Kiti

Eti mzazi aliye safarini asiingie hoteli ya kifahari na mtoto mdogo: atapiga kelele, na tena hajui tofauti ya samaki wa kupaka na chipsi. Kelele? Anayeongea na simu kwa sauti ya mnadani ni mtu mzima. Hajui tofauti? Nani alizaliwa akiijua? Juzi, hoteli moja ya Kibwezi, binti wa miaka minne alitandaza kitambaa mapajani, akamshukuru mhudumu, akamaliza supu bila tone mezani. Jirani hapo Makindu, hekalu la Kisikh lililojengwa 1926 hulisha wasafiri bure, wakubwa kwa wadogo pamoja. Samaki hukunjwa angali mbichi. Nyinyi mnataka tungoje akauke?