Fumo Si Jina la Mtu

Wako wasomi ambao wakimtaja Fumo Liyongo husoma maneno yale mawili kana kwamba ni jina aliloitwa siku ya kuzaliwa. Wakifika kwa Fumo Bakari wa Witu hudhani amerithi jina la shujaa wa kale. Kosa hili laonekana dogo, lakini latunyang'anya historia. Fumo ni cheo. Katika Kiswahili cha kale cha pwani ya kaskazini neno hilo lilikuwa na maana mbili: mkuki wenye bapa pana, na mfalme. Aonaye ajabu maana hizo kukaa pamoja hajafikiri kazi ya mfalme wa zama zile.

Mwanafunzi asomaye habari za Ufaransa ya kale hufundishwa kwa uangalifu kwamba Captal kilikuwa cheo cha mabwana wachache wa Gascony, na kwamba Jean de Grailly, Captal wa Buch, alipigana Poitiers mwaka 1356 upande wa Waingereza, kisha akafia kifungoni Paris. Cheo hicho kimekufa zamani, wala hakuna adhaniye kuwa ni jina. Mbona cha kwetu hakipewi heshima hiyo?

Watajibu kwamba huko Pate neno lilikwisha shikamana na majina: Fumo Madi, Fumo Luti. Naam, lakini lilishikamana na majina ya nani? Si ya wavuvi wala ya wakulima, bali ya watawala wa ukoo wa Nabahani. Na Liyongo mwenyewe, ambaye kaburi lake huonyeshwa Kipini, kwenye mlango wa mto, husimuliwa kuwa alinyimwa kiti, akabaki na upinde wake, na watu hawakuacha kumwita Fumo.

Atokaye Garsen kwenda Lamu hupita Witu. Hapo Wanabahani waliomkimbia Sultani wa Unguja walijenga mji wao msituni katika karne ya 19, wakawapokea watumwa watoro na kuwapa silaha. Mwaka 1890 Wajerumani kadhaa waliuawa huko. Oktoba ya mwaka huo Waingereza wakauteketeza mji kwa moto. Fumo Bakari alikimbilia porini, akafa mwaka 1891. Vitabu vingi humtaja kama mkorofi mmoja aliyeadhibiwa. Aliyevunjwa pale ni mwenye cheo, na pamoja naye dola.

Sisemi kwamba mafumo walikuwa malaika. Wapokomo waliolima kandokando ya Mto Tana walitozwa na kuonewa na watu wa Witu, na habari hiyo nayo yapasa kuandikwa. Lakini itaandikwaje, ikiwa mtozaji ameandikwa kama mtu tu mwenye jina la ajabu? Basi wapigao chapa vitabu vyetu na waanzie kwenye faharasa: Liyongo awekwe chini ya L, na Bakari chini ya B.