Kisumu ni dala, lakini mgeni atajuaje pa kutokea?

Kuna watu wanapenda magari. Mimi napenda vibao vya barabarani. Nikipanda matatu ya Busia napigania kiti cha mbele, kando ya dere, si kwa sababu ya upepo bali nisome kila kibao kutoka mjini hadi Maseno. Marafiki zangu wameshazoea. Wananiita inspekta wa barabara asiye na mshahara.

Cheka tu, lakini piga hesabu kwanza. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu zaidi matatu inaruhusiwa, linameza karibu mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde tano kusoma kibao, kuangalia kioo na kubadilisha leni, ameshapita zaidi ya mita 100. Kwa hivyo kibao kikisimamishwa pale pale pa kuchepukia, kimechelewa. (Nazungumzia kuchepuka kwa barabara, tulieni.)

Kuna watu waliolichukulia jambo hili kwa uzito kitambo. Waingereza walipofungua Preston Bypass mwaka wa 1958, barabara yao ya kwanza ya aina hiyo, vibao vyake vilichorwa na Jock Kinneir pamoja na Margaret Calvert. Walikataa majina yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu. Sababu? Jina lenye herufi ndogo lina umbo lake, na jicho hutambua umbo hilo kabla hata ya kusoma. Yaani mtu aliketi akafikiria kuhusu dereva aliye mbioni.

Sasa rudi hapa kwetu. Barabara za Kisumu si zile za zamani. Ukitoka Kericho unakutana na daraja la juu pale Ahero, mahali barabara ya Kisii inapoungana na yako. Unafika Nyamasaria, unashika bypass, unapita Carwash, unafika Kondele na daraja lake, kisha unaelekea upande wa Busia. Ukiikosa njia ya pembeni kabla ya Kondele, imeenda hiyo. Unaendelea mbele hadi upate pa kugeukia, au unafanya kile nilichokiona kwa macho yangu: lori linarudi nyuma polepole kwenye bypass, taa zikiwaka, huku watu wa boda wakipiga kelele.

Mwenyeji hahitaji kibao, huo ni ukweli. Makanga akiita "Carwash! Kondele! Mamboleo!" sote tunajua pa kushukia. Steji ndizo ramani yetu. Lakini shida ikitokea, ramani iliyo kichwani mwako haimsaidii mtu aliye upande wa pili wa simu.

Hili nililijua usiku mmoja mwaka jana, rafiki yangu alipoteleza na nduthi kwenye bypass. Alipiga simu kuomba gari la kumbeba. Swali la kwanza aliloulizwa: "Uko wapi hasa?" Akasema ametoka Carwash anakaribia Kondele. Upande gani? Juu ama chini? Karibu na nini? Kulikuwa na giza, hakukuwa na nguzo ya kilomita wala nambari yoyote aliyoweza kuisoma. Gari lilifika, ndiyo, lakini lilikuja upande usiofaa na ikabidi lizunguke. Mguu ulipona. Kuna siku nyingine dakika hizo huwa ni uhai.

Na hatuwezi kujifanya hatujui barabara hizi zinaua. Agosti 8, 2025, basi lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini lilipinduka kwenye mzunguko wa Coptic, kule Mamboleo. Zaidi ya watu 20 walikufa. Sisemi ni kibao kilichowaua, hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nasema tu kwamba ukishuka Riat kutoka Kakamega, mteremko unakusukuma kuelekea mjini, na dereva mgeni anastahili kuambiwa mapema, tena zaidi ya mara moja, kwamba mbele kuna mzunguko.

Halafu kuna suala la majina. Ukifika Kisian njia zinaachana. Kushoto ni Bondo na Usenge, na huko ndiko unakopitia kwenda Luanda K'Otieno kupanda feri ya Mbita. Njia nyingine inapanda Maseno kwenda Luanda na hatimaye Busia. Umeona hapo? Luanda ni mbili! Moja ni soko kubwa Vihiga, nyingine iko ufuoni mwa ziwa, Siaya. Mwambie mgeni "fuata Luanda upande feri" uone kama hatajikuta katikati ya wauza mahindi akiuliza ziwa liko wapi. Kibao kikifupisha jina kwa sababu ya nafasi, kimempoteza mtu.

Nambari nazo zina kasoro yake. Barabara ya Mau Summit hadi Busia kupitia Kisumu tuliizoea ikiitwa B1, siku hizi ni A12. Thika Road ilipofunguliwa 2012 ilikuja na nambari za njia za kutokea, na Garden City iko Exit 7. Lakini ni nani umewahi kumsikia akimwambia makanga "nishukishe Exit 7"? Nambari bila jina la mtaa haishiki kichwani. Na jina bila nambari haliwafai askari wa trafiki na dereva wa ambulensi. Tuandike zote mbili kwenye kibao kimoja: Kondele na nambari yake, Carwash na nambari yake. Tena liwe jina ambalo makanga anaita, si lile ambalo mtu wa ofisini alilisoma kwenye ramani.

Najua mtaniambia: omera, si kuna Google Maps? Sawa. Simu ikizima je? Bando ikiisha je? Na yule wa nduthi ashike simu kwa mkono upi? Dereva anayeangalia kioo cha simu haangalii barabara. Kibao hakihitaji chaji.

Tusilaumu serikali peke yake, lakini. Kuna vijana wa rika letu wanaong'oa vibao na vyuma vya kando ya barabara usiku na kuviuza kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Pesa unayopata hapo haitoshi hata samaki mmoja. Na 2027 inakuja, mabango ya wanasiasa yataanza kubandikwa juu ya mishale. Mgombea anayeficha njia ya kwenda Kakamega kwa uso wake ameshanionyesha atakavyoongoza.

Pale Maseno kuna kibao cha ikweta. Kila mgeni anasimama, anapiga picha, anaweka mtandaoni. Ule ni mstari ambao hakuna aliyewahi kuuona kwa macho, na bado tuliona vyema kuuwekea alama. Mtu aliyelala kando ya bypass usiku, akijaribu kueleza yuko wapi, naye anastahili kibao anachoweza kukisoma.