Zimeni Huo Utepe, Tuone Habari

Leo tuweke kando seva na misimbo tuzungumzie runinga. Nina neno na vituo vyetu vya Kenya, na nitalisema bila kuzungukazunguka: skrini ya taarifa ya habari ya saa moja jioni imeharibika. Mitambo haina kosa. Imeharibiwa na watu wazima wenye kompyuta nzuri, tena kwa makusudi.

Kama huniamini, jioni ya leo zima sauti kabisa, halafu hesabu. Kuna mtangazaji. Nyuma yake kuna ukuta wa taa wenye picha inayozunguka. Kuna nembo ya kituo, saa, kisanduku chekundu cha "habari za hivi punde", kichwa cha habari kwa herufi kubwa, na chini kabisa utepe wa maandishi unaokimbia kama matatu inayowahi abiria. Mara picha yote inabanwa kwenye kona ili tangazo la biashara lipate nafasi. Na kwenye kona nyingine, ukichungulia vizuri, kuna mtu mdogo anayesogeza mikono. Huyo ni mkalimani wa lugha ya ishara. Mkumbuke, nitarudi kwake.

Sisi tunaotengeneza tovuti tuliwahi kuugua ugonjwa huu. Katikati ya miaka ya 1990 Internet Explorer ya Microsoft ilileta tagi iitwayo marquee, iliyofanya maneno yatambae kutoka upande mmoja wa ukurasa hadi mwingine. Netscape nao walikuwa na blink, ya kuwasha na kuzima maneno kama taa ya ambulensi. Tulifurahi kama watoto waliopewa filimbi. Kisha tukakua. Kiwango cha HTML5 kinaitaja marquee miongoni mwa tagi zilizopitwa na wakati ambazo mtengenezaji hapaswi kuzitumia, na Firefox iliiondoa blink mwaka 2013. Sababu ilikuwa rahisi: mtu hawezi kusoma kitu kilichotulia huku kingine kikikimbia pembeni mwa jicho lake.

Tulichokitupa sisi, runinga imekiokota.

Tulifikaje hapa?

BBC ilipoanza taarifa ya habari ya runinga ya kila jioni tarehe 5 Julai 1954, Richard Baker aliisoma bila kuonekana. Wakuu waliogopa kwamba uso wa msomaji ungeigeuza habari kuwa maoni. Ni mwaka uliofuata ndipo watazamaji walipoanza kuona sura ya anayewasomea.

Kwetu runinga ilianza mwaka 1962, na mwaka 1964 shirika likawa Sauti ya Kenya, yaani VoK. Skrini ilikuwa na mtu, meza, karatasi na ukuta, vyote vyeusi na vyeupe. Mwaka 1990 KTN iliingia hewani, Catherine Kasavuli akawa anasoma habari moja kwa moja, na kwa mara ya kwanza Mkenya akapata kituo cha pili cha kulinganisha nacho.

Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2001. Siku hiyo Fox News, CNN na MSNBC za Marekani ziliweka utepe chini ya skrini, kwa sababu habari zilikuwa zikiingia kwa kasi kuliko mdomo wa mtangazaji. Viwanja vya ndege vimefungwa, ndege zimezuiwa kuruka, watu wanatafuta jamaa zao: utepe ulikuwa na kazi. Lakini dharura ilipita na utepe ukabaki. Vituo vya nchi nyingine vikaiga, vyetu vikiwemo. Leo hakuna dharura, lakini utepe unatuambia matokeo ya mechi ya jana huku waziri akiulizwa pesa za dawa zilikokwenda.

Na usiniambie kwamba huu ni ubishi wa mzee asiyependa mambo mapya. Mwaka 2005 watafiti Lori Bergen, Tom Grimes na Deborah Potter walichapisha utafiti uliolinganisha watazamaji wa skrini iliyojaa maandishi na watazamaji wa taarifa hiyo hiyo bila maandishi hayo. Waliopewa skrini iliyojaa walikumbuka mambo machache zaidi, pungufu kwa takriban asilimia 10. Yaani unaongeza maneno kwenye skrini, na kichwani mwa mtazamaji habari zinapungua!

Sasa tupige hesabu kidogo, maana ndiyo kazi yetu.

Picha ya mfumo wa PAL, ikigeuzwa kuwa ya dijitali, ina pikseli 720 kwa 576. Hizo ni pikseli 414,720. Skrini ya HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Gawanya: ni mara tano kamili. Mwaka 2015 tulihamishwa kutoka analojia hadi dijitali, tukanunua ving'amuzi, tukaahidiwa picha safi zaidi. Nafasi imeongezeka hivyo, lakini habari yenyewe inaishi wapi? Utepe na kichwa cha habari vikichukua sehemu ya tano ya kimo, na tangazo la pembeni likichukua robo ya upana, kilichobaki ni asilimia 60. Ni kama kujenga nyumba kubwa kisha familia ikalala kibarazani kwa sababu vyumba vimejaa makochi.

Turudi kwa yule mtu wa kwenye kona.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, kifungu cha 39, ilivitaka vituo vya runinga viweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi ya tafsiri katika taarifa zote za habari. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 7, inaitaka serikali kukuza Lugha ya Ishara ya Kenya. Kwa hiyo kisanduku kile hakikuwekwa kwa hisani ya mtayarishaji. Ni haki ya mtazamaji.

Lakini tazama ukubwa wake. Tuchukue kisanduku chenye upana wa sehemu ya sita ya skrini na kimo cha robo yake. Hiyo ni sehemu moja kati ya 24. Kwenye runinga ya inchi 32 ni kama sentimita 12 kwa 10, na ndani yake anatakiwa aenee mtu kuanzia kiunoni hadi kichwani. Vidole vyake vinakuwa vyembamba kama njiti za kiberiti. Na katika lugha za ishara uso nao ni sarufi: nyusi, macho na mdomo vinaweza kugeuza kauli ikawa swali. Nani ataziona nyusi hizo kutoka kwenye kochi lililo mita tatu mbali? Kwenye simu ndiyo usiseme.

Linganisha na Uingereza, ambako mwongozo wa Ofcom uliweka kiwango kwamba mkalimani asipewe chini ya sehemu ya sita ya picha. Hiyo ni mara nne ya kisanduku cha mfano wangu. Hapa kwetu, picha inapobanwa ili tangazo la kamari lionekane vizuri, nafasi hupatikana mara moja. Akija mkalimani, tunaambiwa skrini ni ndogo. Skrini si ndogo. Imegawanywa kwa kufuata nani analipa.

Kuna wanaosema utepe unamsaidia kiziwi kwa sababu anaweza kusoma. Hebu tuwe wakweli. Utepe hausemi anachosema mtangazaji. Unasema mambo mengine kabisa. Kinachomsaidia ni maandishi ya tafsiri yanayofuata maneno yanayotamkwa. Na hata sisi tunaosikia, ni mara ngapi tumeona taarifa ikisomwa kwa Kiswahili huku utepe ukikimbia kwa Kiingereza? Huyo nyanya kijijini aliyengoja saa moja kwa sababu hiyo ndiyo habari ya lugha yake, utepe huo ni wa nani?

Kuna hatari nyingine, nayo ni kubwa kuliko kero ya macho. Mchoro mzuri huaminika hata kabla haujaeleweka. Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, IEBC iliweka fomu 34A kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Vyumba vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kwa mpangilio wake. Matokeo yake, ukibadilisha chaneli unakuta tarakimu tofauti, zote zikiwa ndani ya michoro inayong'aa kwa ujasiri ule ule. Baadaye kazi hiyo ikapungua kasi na kusimama kabla ya tangazo rasmi la tarehe 15 Agosti. Hakukuwa na haja ya yeyote kudanganya ili tarakimu zitofautiane. Fomu zilizohesabiwa hazikuwa zile zile. Mtu wa data angelielewa hilo haraka. Lakini kwa mwananchi mwenye wasiwasi, katika nchi iliyoona damu ikimwagika baada ya uchaguzi wa 2007, maelezo ya "tumehesabu fomu ngapi, kutoka wapi, hadi saa ngapi" yalistahili herufi kubwa kama za majina ya wagombea.

Najua kuna atakayesema natamani enzi za VoK. Hapana. Skrini ya VoK ilikuwa safi, lakini habari haikuwa huru. Tulioishi enzi hizo au kusimuliwa tunajua taarifa ilivyoanza na Mtukufu Rais alikokwenda na alichosema, kisha dunia ikafuata. Uhuru wa kuripoti ulioongezeka baada ya hapo ni mali, nami siuzi mali hiyo kwa ajili ya ukuta mtupu. Jina la anayezungumza likiandikwa chini yake, ni msaada. Ramani ya eneo la mafuriko ni msaada. Grafu ya bajeti inayokaa sekunde kumi ikasomeka ni msaada mkubwa. Shida yangu ni vitu vinavyowekwa ili tuone kituo kina shughuli.

Wengine watasema matangazo ndiyo yanayolipa mishahara. Kweli kabisa. Yawekwe basi kwenye mapumziko, kama zamani. Aliyelipia tangazo hakununua uso wa mama anayesimulia alivyompoteza mwanawe.

Na tafadhali, asije mtu kuniambia kwamba kitaalamu ni vigumu. Michoro ya runinga huwekwa kwa tabaka: picha chini, jina juu yake, nembo juu yake, utepe juu yake. Kila tabaka huwashwa na kuzimwa peke yake. Shirika la SVT la Uswidi lilitengeneza programu huria iitwayo CasparCG, ambayo imetumika hewani tangu mwaka 2006, na inaweza kuonyesha hata michoro iliyoandikwa kwa HTML. Yaani ni kazi yetu ile ile ya tovuti! Kitufe cha kuzima kipo. Kinachokosekana ni mtu wa kukibonyeza.

Kwa hiyo madai yangu ni haya:

1. Utepe uzimwe wakati wa taarifa ya habari, uwashwe tu panapo dharura. Ukiwashwa, uwe kwa lugha inayosomwa.

2. Mkalimani apewe angalau sehemu ya sita ya picha, na chochote kisipite mbele yake, hata nembo.

3. Picha ya habari isibanwe kwa ajili ya tangazo.

4. Kila tarakimu iandikwe chanzo chake na saa ilipopatikana, kwa herufi zinazosomeka.

5. "Habari za hivi punde" iwe na muda wa kuisha, kama data ya kwenye kashe. Jambo la saa nane mchana haliwezi kuwa la hivi punde saa moja jioni.

Ukiwa msanifu wa michoro au mhandisi katika chumba chochote cha habari, fanya jaribio moja kabla ya kipindi chenu kijacho. Tafuta ile Great Wall ya zamani ya inchi 14, ile nyeusi na nyeupe iliyowashwa kwa betri ya gari katika maboma mengi ya nchi hii. Rusha taarifa yenu humo, kaa mita tatu, kisha mwite mtu anayetumia lugha ya ishara akueleze alichoelewa. Chochote asichokihitaji yeye wala wewe, kizime.